SOMO LA VIKUNDI: PESA ZA ULAYA ZA MAFUNZO YA UFUNDI – NANI HUOMBA, NA HUOMBWA VIPI?



Katika mikutano ya vikundi hapa Werugha swali moja hurudi mara kwa mara: "Tumesikia Ulaya kuna pesa za kupeleka vijana kujifunza ufundi. Fomu zinapatikana wapi?" Swali hili ni zuri. Vijana wanamaliza shule, shamba la baba limeshagawanywa mara tatu, na kabeji za msimu hazitoshi kusomesha mtu. Lakini swali zuri likijibiwa na mtu mbaya, kikundi kinaweza kupoteza akiba ya miaka mitano kwa siku moja. Ndiyo maana tumeandika somo hili. Msilisome lote kwa mkutano mmoja. Someni sehemu moja, jadilianeni, halafu mwendelee wiki inayofuata.

1. PESA HIZI NI ZA NAMNA GANI?

Jina linalosikika zaidi ni Erasmus+. Huu ni mpango wa Umoja wa Ulaya wa elimu, mafunzo, vijana na michezo. Ulianza mwaka 1987 ukiitwa Erasmus, ukiwa wa wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 1995 ulianza mwingine wa mafunzo ya ufundi, ulioitwa Leonardo da Vinci. Mwaka 2014 mipango hiyo na mingine iliunganishwa ikawa Erasmus+. Kipindi cha sasa ni cha 2021 hadi 2027, na bajeti yake ni zaidi ya Yuro bilioni 26.

Hapo watu husikia "bilioni" wakaacha kusikiliza. Tusikilize mpaka mwisho.

Ndani ya mpango huu kuna mifuko mingi, na kila mfuko una mwenyewe. Mfuko mkubwa wa safari za wanafunzi wa ufundi ni wa vyuo vya nchi 27 za Umoja wa Ulaya na nchi chache zilizojiunga nao, kama Norway na Uturuki. Chuo cha huko ndicho kinachoomba, ili wanafunzi wake waende kufanya kazi kwa wiki au miezi katika nchi nyingine. Kwa hiyo ukiona tangazo la Erasmus+ la wanafunzi wa ufundi, mara nyingi linamhusu kijana wa Ulaya anayetoka kwao, si kijana wa Werugha anayekwenda huko.

Mfuko ambao Afrika imo ni ule wa kujenga uwezo wa vyuo vya ufundi. Huu umefunguliwa kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo. Mradi mmoja hupata kati ya Yuro 100,000 na 400,000. Kazi yake kubwa ni kuinua vyuo: kufundisha walimu, kutengeneza mitaala inayofuata mahitaji ya soko, kuunganisha chuo na wenye karakana. Si mfuko wa kumlipia nauli kijana mmoja mmoja.

2. NANI HUOMBA?

Jibu ni fupi: taasisi. Mtu binafsi haombi, na kikundi chetu cha watu ishirini hakiwezi kubeba maombi haya peke yake. Wanaoomba ni vyuo, mashirika, vyama vya wafanyakazi au waajiri na wengine wa namna hiyo, wakiwa wameungana kutoka nchi kadhaa za Ulaya na za Afrika.

Taasisi hujiandikisha kwenye mtandao wa Umoja wa Ulaya na kupewa nambari ya tarakimu 9. Fomu hujazwa huko huko kwenye mtandao na kupelekwa kwa ofisi inayohusika mjini Brussels. Kujiandikisha ni bure, na kupeleka maombi ni bure. Andikeni hilo kwenye kitabu cha kumbukumbu: NI BURE.

Maombi hupimwa kwa mambo manne: je, shida ni ya kweli na inalingana na shabaha ya mpango? Je, kazi imepangwa vizuri? Je, washirika wanaiweza? Na je, faida itabaki baada ya pesa kuisha?

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Umoja wa Ulaya hulipa asilimia 80, nyingine washirika wanajitafutia. Tufanye hesabu. Mradi ukigharimu Yuro 250,000, Ulaya italeta 200,000. Zile 50,000 zinatoka wapi? Chuo kisicho na jibu la swali hilo hakijawa tayari.

3. MFANO WA KARIBU NA NYUMBANI

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, hapa hapa kaunti yetu, kina kituo kinachoitwa CEMEREM, cha mafunzo ya madini, mazingira na matumizi ya rasilimali. Kilianzishwa mwaka 2016 kwa ushirikiano na vyuo viwili vya Ujerumani, kimoja cha Dresden na kingine cha Freiberg, mji wenye historia ndefu ya uchimbaji madini. Pesa zilipitia DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi.

Hizi si pesa za Erasmus+, na ni mambo ya chuo kikuu, si politekniki. Lakini tazameni mpangilio wake. Kwanza kulikuwa na jambo la kweli la mahali hapa: nchi yetu ya chini ina vito na madini, na wachimbaji wengi hawana mafunzo. Pili, taasisi ya hapa iliungana na taasisi ya kule yenye ujuzi wa jambo lile lile. Ndipo pesa zikaja. Hazikuanza pesa kisha watu wakatafuta kazi ya kuzifanyia.

Tukumbuke pia politekniki za vijiji zilivyoanza. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, ambalo leo ni NCCK, lilitoa taarifa kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda. Kutoka hapo zikazaliwa politekniki za kwanza. Walianza kwa kuuliza kijana wa kijiji anakosa nini. Na sisi tuanzie hapo.

4. NJIA NYINGINE: KUAJIRIWA UKIJIFUNZA UJERUMANI

Kuna njia ambayo kijana huomba mwenyewe, nayo ni Ausbildung ya Ujerumani. Kijana hupata mkataba na mwajiri wa kule, anafanya kazi siku kadhaa za wiki na siku nyingine anaenda shule ya ufundi. Huchukua miaka 2 hadi 3 na nusu. Hapa hakuna ufadhili wa kuombwa. Mwajiri mwenyewe humlipa. Kwa kazi nyingi sheria yao imeweka kiwango cha chini tangu 2020. Kwa aliyeanza mwaka 2025 ni Yuro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, kabla ya kukatwa. Kodi ya nyumba kule si ya Wundanyi, kwa hiyo malipo yasipofikia gharama za kuishi, kijana huombwa aonyeshe pesa za kujazia kabla ya kupewa viza.

Mlango wa njia hii ni lugha. Kwa kawaida hutakiwa Kijerumani cha kiwango cha B1, na kazi za uuguzi zaweza kutaka zaidi. Kwa anayeanza bila neno hata moja, hiyo ni kazi ya miezi mingi ya kusoma kwa bidii, na karo ya lugha mara nyingi hujilipia mwenyewe.

Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin. Mara zikaenea habari kwamba Ujerumani itachukua Wakenya 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha ikasema mkataba hauna idadi yoyote. Atakayekuja kwenu kuuza "nafasi" kutoka kwa hizo 250,000 anauza upepo.

5. PESA HUPOTEA WAPI?

Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret. Walikuwa wamelipa kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada. Wengi hawakusafiri, na baadhi ya waliofika Finland waliambiwa karo yao haijafika chuoni. Mambo yakaishia mahakamani. Wazazi wengine walikuwa wameuza mashamba. Tusiwacheke. Mpango ulikuwa na barua rasmi na viongozi wanaojulikana, na mtu mwangalifu pia angeweza kuamini.

Fundisho letu ni hili: karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo chenyewe, na risiti itoke kwa chuo chenyewe. Tena angalieni dalili hizi:
- Anataka pesa ya "kufungua faili" ya Erasmus+.
- Anasema lugha si lazima.
- Hataki kutaja mwajiri au chuo kwa jina.
- Anasema leo ndiyo siku ya mwisho, leteni kabla ya jioni.
- Anataka kushika pasipoti na vyeti vya asili.

Wakala wa kazi za nje anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha inaweza kuangaliwa. Kumuuliza mtu leseni si kumkosea adabu. Mkweli ataitoa.

6. KIKUNDI CHETU KIFANYE NINI?

Kwanza, hesabuni vijana. Nani amemaliza, ana cheti gani, anataka ufundi gani? Daftari la kurasa kumi linatosha.

Pili, tazameni ufundi unaokosekana hapa. Nani anatengeneza pampu za maji? Nani anajua kuhifadhi matunda yasioze njiani kwenda Voi?

Tatu, nendeni politekniki iliyo karibu mkazungumze na meneja. Baada ya Katiba ya 2010 politekniki za vijiji ziliwekwa chini ya kaunti, basi ofisi ya elimu ya kaunti nayo ihusishwe. Kama parokia yenu ina urafiki na kanisa la Ulaya, ulizeni kama katika mji ule kuna chuo cha ufundi. Barua inaweza kuwa hivi:

"Kwa Meneja. Sisi ni kikundi cha wanachama 24 kilichosajiliwa. Tumeorodhesha vijana 31 wasio na mafunzo. Tunaomba tukutane nawe tuone kama chuo kinaweza kutafuta mshirika Ulaya kwa mafunzo ya kuhifadhi mazao. Sisi tutatoa orodha, mashamba ya mazoezi, na wazee wa kufuatilia vijana."

Mmeona? Barua haikuomba pesa. Imeonyesha mlicho nacho.

Nne, wekeni makaratasi sawa. Cheti cha kikundi kiwe hai. Majina ya kijana yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha shule na pasipoti. Herufi moja ikipishana inaweza kuchelewesha viza. Mwenye ufundi wa mikono asiye na karatasi afanye mtihani wa NITA.

Tano, kubalianeni mapema kuhusu pesa za kikundi. Kama mtamkopesha kijana karo ya lugha, iandikwe: kiasi gani, atarudisha lini, nani mdhamini. Mama aliyechangia shilingi mia kila Jumanne ana haki ya kujua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kati ya vijana wetu, ni wangapi watafaidika zaidi na mafunzo hapa hapa kaunti kuliko Ulaya? Kwa nini?
2. Mtu akija kesho na fomu za Ulaya, tutamuuliza maswali gani matatu?
3. Kijana akirudi na ufundi, tumemwandalia kazi gani?

Swali la tatu lisirukwe. Ndilo hata wale wa Brussels huuliza: pesa zikiisha, kitabaki nini? Kikundi kinachoweza kujibu hapa Werugha kitakuwa na la kumwambia mshirika yeyote atakayekuja.