Dondoo muhimu: Gesi ya kaboni dioksidi kwenye tangi la samaki lenye mimea

Chota maji ya tangi kwenye glasi, yaache wazi siku nzima, kisha upime pH yake. Pima tena tangini gesi ikiwa imefunguliwa: pH ikishuka kwa 1 hivi, gesi inatosha. Fungua gesi saa moja au mbili kabla ya kuwasha taa. Ifunge taa zikizimwa, kwani gizani mimea haiitumii. Kichupa cha tangini kinachopima gesi kwa kubadilika rangi kikiwa kijani, kuna takriban miligramu 30 za gesi kwa lita. Njano ni hatari. Ila kichupa huchelewa kubadilika, kwa hiyo mimi huwaamini samaki kwanza. Wakipanda juu wakihema, funga gesi, washa pampu ya hewa. Na magadi soda ya kupandisha pH? Achana nayo. Hapo ni gesi tu iliyoishusha.