Dondoo Muhimu: Kupunguza Uchungu wa Sindano ya Usingizi

Kwa kuwa propofoli, dawa imlazayo mgonjwa kabla ya upasuaji, aghalabu huchoma iingiapo mshipani, yampasa mhudumu wa usingizi, awe Garissa, Wajir au Mandera, kuyahifadhi haya:

1. Chagua mshipa mpana wa kiwikoni. Usikimbilie mwembamba wa mgongo wa kiganja.
2. Aliyekaushwa na joto na mfungo, mtie maji ya dripu kwanza.
3. Hakikisha kwa maji ya chumvi kwamba mrija umo mshipani barabara.
4. Mfunge mkono kwa mpira, umtie mtu mzima dawa ya ganzi, lignokeini, miligramu 20 hadi 40, ungoje dakika 1, ufungue, ndipo utie propofoli.
5. Mtahadharishe mgonjwa mapema kwamba dawa huenda ikamchoma, kwa Kisomali ikiwa ndiyo lugha yake.
6. Akilalamikia maumivu makali, sita ukague; usimdharau.