TAZAMENI MBINGU
Mtoto akitoka masomo akakuambia ulimwengu una miaka karibu bilioni 13.8, usimfokee kwamba amekufuru. Uchunguzi huo si mgeni kwetu. Tarehe 12/12/1970 satelaiti Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya, ikapime miali ya eksirei ya nyota, ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Tangu 2022 darubini James Webb, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, inapokea mwanga uliosafiri miaka zaidi ya bilioni 13; yaani inaona mambo ya kale. Darubini huonyesha ilivyokuwa. Haisemi nani aliyeumba. Hiyo ni kazi yetu wazazi. Ukimfukuza mtoto na swali lake, atalipeleka wapi? Wallahu a'lam.