SOMO LA FAMILIA: SHINGO YA MTOTO HUPATA NGUVU MKEKANI

Somo la mwezi huu tunaomba lisomwe kwa sauti nyumbani, ili bibi na watoto wakubwa nao wasikie. Wao ndio wanaoshinda na mtoto wakati mama yuko kwenye foleni ya maji au ya mgawo.

Mtoto anapozaliwa, kichwa chake ni kama robo ya urefu wa mwili wake wote. Ni mzigo mkubwa, na misuli ya shingo bado ni milegevu. Ndiyo maana tunamshika kisogoni. Misuli hiyo haipati nguvu kwa umri peke yake, bali kwa kufanya kazi. Tena nguvu huanzia juu na kushuka: kwanza shingo, halafu mabega, halafu mgongo, ndipo mtoto anakaa na kutambaa. Mtoto ambaye hajashika shingo hatakaa hata umzungushie mito sita.

Hapa makazini nyumba ni ndogo, sakafu ni ya udongo, na siafu hawana adabu. Kwa hiyo mtoto anashinda mgongoni, na akishushwa analazwa chali. Kulala chali ni kuzuri na ndiko kunakotakiwa: mtoto akilala usingizi, usiku au mchana, alazwe chali siku zote. Lakini akiwa macho anahitaji pia kulazwa kifudifudi, kwa tumbo, mtu akiwa anamwangalia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto ambaye bado hajatambaa apate angalau dakika 30 za namna hiyo kwa siku, zikigawanywa mara nyingi. Usianze na dakika 30! Anza na dakika mbili au tatu, mara mbili au tatu kwa siku, kisha ongeza kadiri anavyozoea.

Unaweza kuanza siku za kwanza kabisa. Mama aketi akiegemea ukuta, ameweka blanketi lililokunjwa nyuma yake, amlaze mtoto kifuani, tumbo kwa kifua. Mtoto atajitahidi kuinua kichwa amwone mama yake. Hilo tayari ni zoezi. Baba naye ana kifua, na jioni hana foleni. Wengine wanaona haya kufanya hivyo mbele ya majirani. Basi fanyeni mkiwa ndani.

Akifikisha wiki chache, fagia, tandika turubai, juu yake mkeka, juu ya mkeka kitenge safi. Angalia wadudu, na sigiri iwe mbali. Chukua kitenge kingine, kikunje mviringo kama unene wa mkono wako, ukiweke chini ya kifua chake, kwapa hadi kwapa, mikono yake ikitangulia mbele. Sasa wewe mwenyewe lala chini, uso wako uelekeane na wake. Mwite, mwimbie. Mfuniko wa sufuria unaong'aa unatosha kuwa mchezo. Chupa yenye maharage ndani pia inafaa, ila kizibo kifungwe sana, kwa maana harage moja linaweza kumkaba. Usifanye mara tu baada ya kunyonya, atacheua. Akilia, mpindue, mbembeleze, jaribu tena baadaye. Watoto wengi hulia mwanzoni. Mama asifikiri anamtesa. Lakini akisinzia hapo hapo, mgeuze chali mara moja.

Kuhusu kubeba mgongoni, hatuwezi kuwaambia muache, kwani jerikani haziji zenyewe. Ila kabla shingo haijakomaa, ni afadhali abebwe mbele, umwone uso. Ikibidi awe mgongoni, kitenge kipande hadi nyuma ya kichwa, uso ugeuzwe upande, pua iwe wazi, na upande ubadilishwe kila mara. Msimwinue mtoto mchanga kwa kumvuta mikono, wala msimrushe juu, wala kumtikisa, hata kwa mchezo. Wapo wanaomkalisha kwenye beseni akiwa na miezi miwili ili "azoee". Hapo shingo haijifunzi kitu. Kichwa huangukia kifuani na pumzi huzibwa.

Tazamieni nini? Mwezi wa kwanza huinua kichwa kidogo tu na kukilaza tena. Katika mwezi wa pili hukishika juu kwa muda akiwa kifudifudi. Akifikisha miezi minne, ukimpakata wima, kichwa kinatulia bila mkono wako. Mtoto njiti ahesabiwe tangu tarehe aliyopaswa kuzaliwa: aliyetangulia miezi miwili, akiwa na miezi minne mtazameni kama wa miezi miwili.

Hapa naomba nieleze yaliyonipata mimi. Mtoto wetu wa pili alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, na hakulia upesi. Akiwa na miezi minne kichwa kilikuwa kinaanguka huku na huku. Jirani mmoja alisema nimembeba vibaya. Mwingine alisema ni mambo ya kule tulikotoka, yametufuata. Nilimpeleka mahali fulani pa matibabu, nikaambiwa atakomaa tu, nirudi nyumbani. Nikarudi, nikangoja. Kwa kweli nilipenda kungoja, maana niliogopa jibu. Alikuwa na miezi kumi mtu wa VHT wa kijiji chetu alipomwona amelala mkekani, akaona miguu yake inakaza kama fimbo, akanishika mkono twende. Ni mtindio wa ubongo. Hauponi, lakini mazoezi yanasaidia, na yakianza mapema yanasaidia zaidi. Walinifundisha namna ya kumkalisha anapokula asipaliwe, na namna ya kumlaza ili shingo ifanye kazi. Leo ana miaka sita, kichwa anakishika mwenyewe, na anakaa kwenye kiti alichotengenezewa na fundi wetu wa hapa. Miezi ile sita niliyongoja sitaipata tena.

Kwa hiyo usingoje kama mimi. Mpeleke mtoto kituoni ikiwa miezi minne imepita na kichwa bado kinaanguka. Ikiwa mwili ni mlegevu kama nguo iliyolowa au mkavu kama mti. Ikiwa ngumi ya mkono mmoja haifunguki. Ikiwa kichwa kimelalia upande mmoja tu. Ikiwa hafuati uso wako kwa macho, au ananyonya kwa shida. Kichwa kilicholalia upande mmoja mara nyingi hunyooka kwa mazoezi, yakianza mapema. Kichwa kinachokua haraka mno, utosi ukivimba na macho yakielekea chini, ni dalili ya maji kichwani, na hayo hutibiwa kwa upasuaji. Hapa Uganda hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale imekuwa ikiifanya kazi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na kama mtoto ana homa pamoja na degedege, au utosi umevimba ghafula, au amepoteza nguvu aliyokuwa nayo jana, nenda saa hiyo hiyo, hata usiku. Tumwombee mtoto tukiwa njiani.

Msisahau pia kadi ya chanjo. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinawakutanisha na muuguzi kwa vyovyote. Kabla hujaondoka, mwambie: "Dada, naomba umwangalie mtoto shingo." Ukijibiwa kwa haraka na moyo wako haujatulia, rudi wiki inayofuata, au mwone mtu wa VHT.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi: Nyumbani kwako, ni nani anayeshinda na mtoto saa za mchana, na je, amefundishwa kumlaza kifudifudi? Ni maneno gani tunayomwambia mama ambaye mtoto wake amechelewa? Katika kijiji chetu, ni mtoto gani ambaye hatujamwona nje kwa muda mrefu, na nani ataenda kubisha hodi?