Chai ya Kikombe na Chai ya Kidonge: Je, Ni Mamoja?

La mgambo likilia kuna jambo. Jambo lenyewe ni hili: siku hizi watu wanauziwa vichupa vya vidonge vilivyoandikwa "chai ya kijani". Muuzaji atakuapia kuwa vinayeyusha mafuta ya mwili. Ukimwuliza kama vina madhara, atacheka: "Madhara gani? Hii ni chai tu, kama ile ya kwenu!" Hebu tulichambue neno hilo dogo, "tu".

Mmea ni mmoja

Chai ya kijani na chai nyeusi zatokana na mmea mmoja, uitwao kitaalamu Camellia sinensis. Ndio huo uliopandwa Limuru mwaka wa 1903, na ambao leo umefunika vilima vya Kericho na Nandi. Tofauti huanzia kiwandani. Majani ya chai nyeusi husagwa na kuachwa yapigwe na hewa hadi yageuke rangi. Ya kijani hupashwa moto mapema ili yasigeuke. Kwa hiyo chai ya kijani hubaki na katekini nyingi zaidi. Katekini ni kemikali za asili zilizomo katika jani, na ile iliyo nyingi kushinda zote huandikwa kwa kifupi EGCG.

Kufikia hapo muuzaji hajasema uongo. Jani ni lile lile.

Kikombe kina mpaka wake

Unapochemsha chai, maji huchukua sehemu tu ya vitu vilivyomo katika jani. Kikombe kimoja cha chai ya kijani huwa na takriban miligramu 50 hadi 100 za EGCG. Tena kikombe hunywewa polepole, mara nyingi pamoja na mkate au kiazi. Ukizidisha, tumbo lenyewe hukwambia, "Basi, bwana!" Watu wa China na Japani wamekunywa chai hiyo karne nyingi bila taabu.

Hata hivyo, kikombe nacho kina adabu yake. Tanini iliyomo katika chai, hata katika chai ya mkandaa ambayo wengi wetu twaiita turungi, huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Kwa hiyo mama mjamzito, au msichana aliyepungukiwa na damu, afadhali aache muda wa saa moja hivi kati ya githeri na chai.

Kidonge hakina mpaka

Kidonge hutengenezwa vingine. Majani mengi hulowekwa katika maji au alkoholi ili katekini zitoke, kisha majimaji hayo hukaushwa. Unga unaobaki ndio unaotiwa katika kidonge. Vidonge viwili vitatu vyaweza kubeba EGCG ya vikombe vingi, nawe ukavimeza kwa funda moja la maji, asubuhi, tumbo tupu. Ini, ambalo kazi yake ni kusafisha kila kinachoingia katika damu, hupokea mzigo wote kwa mpigo.

Je, hayo yamewahi kumdhuru mtu? Naam. Mwaka wa 2003 Ufaransa na Hispania zilisimamisha uuzaji wa dawa ya kupunguza uzito iitwayo Exolise, iliyotengenezwa kwa chai ya kijani, baada ya baadhi ya watumiaji kuugua ini. Mwaka wa 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa miligramu 800 za EGCG kwa siku, au zaidi, zikitoka katika vidonge, zaweza kuanza kulijeruhi ini. Mwaka wa 2022 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku vidonge vinavyofikia kiasi hicho kwa siku, na kuagiza vilivyo chini yake viandikwe onyo kuwa visimezwe tumbo tupu.

Tuseme kweli: wanaoumia ni wachache. Lakini wataalamu wa Marekani wamegundua kuwa wengi wao wana alama fulani ya kurithi katika mwili. Alama hiyo haionekani kwenye kioo. Utajuaje kama wewe si mmoja wao?

Na mafuta je, huyeyuka? Mwaka wa 2012 shirika la Cochrane lilikusanya majaribio mengi na kukuta kuwa uzito uliopungua ulikuwa mdogo mno. Yaani mtu ahatarishe ini lake kwa faida isiyoonekana hata kwenye mizani!

Tufanyeje?

Kwanza, asiyeugua asitafute dawa. Anayetaka kupunguza uzito aanze na uwanja wa michezo na sahani yake. Pili, anayetumia vidonge vya mitishamba amwambie daktari, maana huko hospitalini wengi hutaja dawa za duka na kusahau "chai tu". Tatu, ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekolea kama turungi, au unatapika na kuchoka ovyo, acha vidonge mara moja na uende hospitali ukiwa na kichupa chenyewe mkononi.

Nchini mwetu kuna Bodi ya Famasia na Sumu. Tazama jina hilo: dawa na sumu zimewekwa chini ya bodi moja, na mara nyingi kinachozitenganisha ni kipimo. Neno "tu" halina kipimo. Kikombe kinacho.

Maswali

1. Kwa nini chai ya kijani ina katekini nyingi kuliko chai nyeusi?
2. Taja tofauti mbili kati ya kunywa chai na kumeza kidonge cha chai.
3. Tunga sentensi mbili ukitumia neno "tu": moja iwe ya kweli, nyingine iwe ya kumhadaa mnunuzi.