Kuvua Mbasa kwa Ndoana Ufukoni mwa Ziwa Nyasa

Wasomaji wengi wakaao Iringa, Njombe na Mbeya mjini huwajua samaki wa Ziwa Nyasa hali wamekwisha kukaushwa, nao ni usipa, wale wadogo wauzwao kwa kopo sokoni. Leo twataka kueleza habari za yule awalaye usipa, naye ni mbasa. Samaki huyu ana umbo jembamba, rangi ya fedha na mbio nyingi, na akikomaa huweza kufika karibu nusu mita. Hapatikani mahali pengine po pote duniani ila katika ziwa hili na mito yake.

Mahali pafaapo kumvua kwa kusimama nchi kavu ni Matema, wilaya ya Kyela, pembeni mwa ziwa upande wa kaskazini, chini ya Milima ya Livingstone. Ufuko wake ni wa mchanga, na mto Lufilyo waingia ziwani karibu na hapo. Ukienda upande wa magharibi utaikuta midomo ya Mbaka na Kiwira. Majira ya kuvua ni wakati wa mvua, mito ijaapo; ndipo mbasa hukusanyika midomoni. Katika Juni na Julai upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na mawimbi huurudisha mshipi miguuni pa mvuvi. Siku hizo afadhali kukaa nyumbani.

Vyombo ni vichache: mshipi imara uliozungushwa juu ya kipande cha mti, chubwi ndogo ya risasi, na ndoana moja. Chambo ni usipa mzima, au kipande cha bati king'aacho, maana mbasa huwinda kwa macho. Nenda alfajiri au jua likikaribia kuchwa, ukatazame maji. Ukiona usipa wanaruka juu na ndege wanazunguka mahali pamoja, jua kwamba mbasa wako chini yao. Tupa mshipi mbele ya mahali hapo, si katikati, kisha uvute bila kusimama, mara upesi, mara polepole, kama samaki mdogo akimbiavyo. Mtu aliyezoea kuvua perege bwawani hukaa kimya akingoja. Naye atarudi na kikapu kitupu, kama nilivyorudi mimi mara ya kwanza. Tena usiingie majini penye mdomo wa mto, hata kama wenyeji wanakucheka: mamba wapo.

Mbasa akiisha kutolewa majini, matumbo yake yaondolewe mara moja, maana joto la Kyela halingoji. Wasiomaliza siku ile humkausha kwa moshi. Chungu cha kupikia si taabu kukipata Matema, kwa kuwa wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe, mafundi wa kufinyanga, huvileta vyungu vyao hapo kuviuza.

Lakini twapaswa kuuliza, mbasa hukusanyika midomoni kwa sababu gani? Hataki kukaa pale. Anataka kupanda mtoni, apate mahali penye maji ya mbio na changarawe safi, ndipo atage mayai. Kwa hiyo njia yake ni nyembamba, na kila mtu aijua. Wengine huziba mto kwa uzio na migono. Wengine huweka nyavu toka ukingo hata ukingo. Na wako watiao utupa, ambao huua wakubwa na wadogo pamoja. Mvuvi wa ndoana ufukoni humtoa samaki mmoja mmoja, lakini azibaye mto humtoa mama pamoja na wanawe wasiozaliwa. Wataalamu wamekwisha kumhesabu mbasa miongoni mwa samaki walio hatarini. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zakataza sumu, na zakataza kokoro pia.

Sasa neno hili lawahusu na watu wa Rungwe, ambao pengine hawajamwona mbasa akiwa hai. Kiwira na Mbaka hutoka milimani kwao. Mtu akilima mpaka ukingo wa mto na kukata miti yote, mvua huushusha udongo majini. Udongo ule hutua juu ya changarawe, na mayai hufa kwa kukosa hewa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Najua kwamba mita 60 ni shamba zima kwa mtu mwenye ardhi kidogo, na wazee wa kijiji hawataligawa neno hili bila mashauri marefu.

Mwalimu mwenye shule karibu na mto aweza kuwapeleka wanafunzi kivukoni mvua zikiisha. Watoe jiwe moja chini ya maji, walipanguse kwa kidole, waone kama ni safi au limevaa tope. Waandike tarehe, na mwaka ujao warudi mahali pale pale.