Kupeleka intaneti bandani kwa kutumia nyaya za umeme: jinsi ya kuchagua adapta za pawalaini

Somo la leo si la chanjo wala mbolea. Ni swali ambalo wafugaji wa kuku wanaliuliza sana siku hizi: rauta iko sebuleni, kamera iko bandani, na mtandao haufiki. Je, zile adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme zinafaa kununua?

Usione kama ni anasa. Baridi yetu ya Juni na Julai unaijua. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na taa ya bruda ikizima saa nane za usiku, asubuhi unakuta vifaranga wamelundikana kona moja, wa chini wamekufa. Mtu mwenye kamera na kipimajoto kinachotuma taarifa kwenye simu anaamka, anavaa koti, anakwenda kurekebisha. Lakini kamera isiyo na mtandao ni pambo tu la ukutani.

Kwanza tuelewe kwa nini waifai inakwama. Mawimbi yake hayapendi kupita kwenye ukuta mnene wa tofali za kuchoma, na kwenye bati ndiyo kabisa. Banda lililozungushiwa bati pande zote ni sawa na kufunga kamera ndani ya debe. Unaweza kuwa mita 30 tu kutoka sebuleni na simu isione chochote.

Sasa adapta za pawalaini zinafanya nini? Zinauzwa mbili mbili. Ya kwanza unaichomeka kwenye soketi karibu na rauta na kuiunganisha na rauta kwa waya wa LAN. Ya pili unaichomeka kwenye soketi ya bandani, halafu kamera inachukua mtandao hapo. Taarifa zinasafiri kwenye nyaya zile zile zinazobeba umeme, ila kwa masafa ya juu sana, ndiyo maana hazigongani na umeme wenyewe. Kama jambo hili linakushangaza, kumbuka kuwa zipo mita za LUKU ambazo zenyewe ziko juu ya nguzo, na wewe unaingiza tokeni kwa kidude ulichochomeka kwenye soketi ndani ya nyumba. Nyingi kati ya hizo zinaongea kwa kupitia waya wa umeme. Ni ujanja ule ule, isipokuwa adapta inapitisha mzigo mkubwa zaidi.

Hapo ndipo penye siri ya kuchagua. Watu wanaanza na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Mimi nasema anza na nyaya zako, kwa sababu adapta ya bei mbaya kwenye nyaya mbovu itashindwa na adapta ya kawaida kwenye nyaya nzuri.

Fanya hivi kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote. Zima meni swichi ya nyumbani, kisha nenda bandani uwashe taa. Kama taa haiwaki, banda linakula umeme kutoka kwenye bodi ya nyumba, na hapo una matumaini. Kama inawaka, maana yake banda lina mita yake. Mawimbi yakilazimika kutoka kupitia mita moja na kuingia kupitia nyingine yanachoka sana, na mara nyingi hayafiki kabisa. Usinunue adapta kwa mazingira hayo.

Kama una umeme wa fezi tatu, labda kwa sababu ya mashine ya kusaga au pampu, kuna swali la ziada: soketi ya sebuleni na ya bandani ziko fezi moja? Zikiwa fezi tofauti, mawimbi yanapita kwa kubahatisha. Mwite fundi akuambie, na ikibidi ahamishe laini ya banda kwenye fezi ya sebule. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, si yule kijana wa kusokota nyaya na kufunga seloteipu. Viungo vya kusokota vinakula mtandao, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba vinachoma mabanda.

Halafu angalia soketi yenyewe. Adapta inataka kuchomekwa moja kwa moja ukutani. Ukiipitisha kwenye ekstensheni kasi inashuka, na ukiipitisha kwenye friji gadi au ekstensheni yenye kinga, inaweza kukata kabisa, maana vifaa vile vimetengenezwa kuchuja uchafu kwenye umeme, na mawimbi ya adapta kwao ni uchafu. Najua hapa tunapata shida, kwa sababu umeme wetu ukirudi baada ya kukatika unaweza kuja na nguvu ya kuunguza vitu. Ndiyo gharama ya kifaa hiki: kinakaa ukutani bila ngao. Mvua ya radi ikianza, chomoa. Na usinunue ya bei ambayo ikiungua utalia.

Tukija kwenye boksi, utakutana na maandishi kama AV500, AV600, AV1000, AV2000. Wauzaji wanasoma namba hizo kama megabiti kwa sekunde. Si uongo wa moja kwa moja, ila ni kasi ya maabara, imejumlishwa kwenda na kurudi, kwenye nyaya nzuri kupita kiasi. Kwenye nyumba halisi tegemea sehemu ndogo tu ya namba ile. Kuna kichekesho kingine: adapta nyingi zilizoandikwa 600 zina tundu la LAN la megabiti 100. Yaani hata nyaya zako zingekuwa za dhahabu, hupati zaidi ya 100.

Lakini jiulize, unahitaji ngapi? Kamera moja ya picha safi inakula kama megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Ukiwa na kamera tatu na kipimajoto, megabiti 20 za kweli zinakutosha na zinabaki. Tena rauta yako ya laini ya simu yenyewe inaweza isitoe nyingi kuzidi hapo. Kwa hiyo kwa banda, AV600 inatosha. Zile za 1200 kwenda juu nyingi zinapata kasi yao kwa kutumia pia waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini. Sasa niambie, nyumba ngapi mtaani kwako zina ethi iliyofungwa vizuri mpaka bandani? Bila huo waya umelipia kasi ambayo hutaiona.

Kilicho muhimu zaidi kuliko namba ni haya. Adapta ya bandani iwe ile yenye waifai yake kama kamera yako haina tundu la LAN. Kamera nyingi za bei nafuu hazina. Kama bandani kuna soketi moja tu, chukua adapta yenye soketi usoni, ili usipoteze pa kuchomeka taa ya bruda, lakini soma kwanza inabeba ampea ngapi na ujumlishe wati za taa zako. Plagi iwe ya pini tatu bapa kama za kwetu, na lebo ya nyuma ionyeshe kwamba inakubali volti 230. Zile za mtumba kutoka Marekani, zilizoandikwa volti 120 peke yake, usiziguse.

Na usichanganye familia. Zipo za HomePlug AV na AV2, hizi zinaelewana zenyewe kwa zenyewe hata kama kampuni ni tofauti. Zipo mpya za G.hn, ambazo hazielewani kabisa na hizo za kwanza. Kwa kuwa nyingi utaagiza Kariakoo na kuletewa kwa basi, mwombe muuzaji akupigie picha ya lebo za zote mbili kabla hajafunga mzigo. Mwambie pia mkubaliane kurudisha ndani ya siku kadhaa zisipofanya kazi, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kukuhakikishia mia kwa mia mpaka zichomekwe kwako.

Zikifika, usikimbilie bandani. Chomeka zote mbili ukutani sebuleni, bonyeza kitufe cha kuziunganisha kwenye moja, kisha kwenye nyingine ndani ya dakika mbili. Kitendo hicho kinazipa ufunguo wa siri wa kwenu peke yenu. Wanaoruka hatua hii wanabaki na ufunguo wa kiwandani, na mawimbi haya yanaweza kuvuja mpaka kwa jirani mnayetumia naye transfoma. Baada ya hapo ndipo upeleke moja bandani. Siku ya kwanza ijaribu wakati pampu inafanya kazi na wakati jirani anachomelea mageti, maana mota, mashine za kuchomelea na chaja za bei chee zinapiga kelele kwenye nyaya. Mtandao ukikatika kila simu inapochajiwa, chaja ndiyo ya kutupa.

Jambo moja vijana wengi hawalifikirii: umeme ukikatika, adapta zinalala, kamera inalala, na bruda inalala, vyote kwa pamoja. Yaani unakosa macho saa ile ile ya hatari. Kwa hiyo weka programu ya simu ikupigie kengele pale kamera inapopotea mtandaoni, si pale joto linaposhuka tu. Na jiko la mkaa la akiba liwe tayari bandani, na chombo chake cha kupitisha moshi.

Wenye sola ya betri inayowasha taa za volti 12 moja kwa moja, adapta hizi haziwahusu. Wenye mita mbili, au banda lililo ng'ambo ya mto, kama sehemu hiyo simu inashika vizuri, kamera ya kuweka laini yake yenyewe itawasumbua kidogo kuliko hangaika zote hizi, ingawa bando litakula.

Na wewe ambaye ndiyo kwanza unajenga, banda likiwa ndani ya mita 100 kutoka kwenye rauta, hata adapta usinunue. Mtaro wa bomba la maji ukiwa bado wazi, laza humo bomba tupu la plastiki na upitishe waya wa LAN wa kukaa nje. Waya wa umeme upe mtaro wake, usipite bomba moja na huo.